Nyota Tano za Zahanati

Kila asubuhi naanza na paneli za jua za safu ya chini, zile zinazofikiwa na vumbi la barabara. Nachovya kitambaa cha pamba kwenye ndoo, nakikamua, napangusa kutoka juu kwenda chini kama mtu anayemnawisha mtoto uso. Paneli ziko arobaini na nane. Inabidi niwahi kabla jua halijapanda, maana kioo kikishapata moto hakipendi maji baridi. Nikimaliza nafungua kontena la betri, nasoma zimeamka na asilimia ngapi, naandika daftarini, ndipo nakunywa chai. Ni kazi ya kimya, na mimi napenda kimya. Pale kijijini wananiita Fundi Kimya. Mwanzoni nilidhani wananisifu.

Asubuhi hiyo nilikuwa kwenye paneli ya kumi na tisa nilipomwona Daktari anakuja mbio.

Daktari wetu hana mbio. Ni mtu mnene, mpole, anayetembea amefunga mikono nyuma kama amekuja kukagua shamba la jirani. Kwa cheo ni tabibu wa zahanati, lakini zahanati ni moja na tabibu ni mmoja, kwa hiyo wote tunamwita Daktari, naye ameshazoea kuitika. Siku hiyo alikuwa amevaa kandambili, moja ya bluu na nyingine nyekundu, na vifungo vya shati vimekwenda kombo.

"Fundi, umeme ulikatika usiku?"

"Hapana."

"Hata kidogo? Hata nusu saa?"

"Haujakatika tangu tuwashe, Daktari."

Alifungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na kichupa cha chanjo, kadiri ya kidole gumba. "Basi nieleze hii."

Alishawahi kunifundisha kusoma kile kichupa, siku nilipokuja kuunganisha friji lake. Kwenye lebo kuna duara la zambarau, na ndani ya duara mraba mdogo uliopauka, karibu mweupe. Chanjo ikipigwa na joto, mraba unaanza kukolea. Ukishafanana na duara, dawa imekufa, imwage. Nilikisogeza kichupa machoni nikautafuta mraba. Sikuuona. Nilikigeuza kwenye mwanga, nikauona kwa shida, umezama kwenye rangi ya duara kama kidonge kwenye chai.

"Nimeamka alfajiri nipange chanjo za kupeleka ng'ambo ya mlima," alisema akihema. "Surua imeingia kule, umesikia? Juzi wamezika mtoto. Nafungua friji, kimya. Taa haiwaki. Natia mkono, ndani joto kama kwapani. Friji limekufa, Fundi."

Kitambaa kiliniponyoka. Nilichukua kipimaumeme na bisibisi, tukashika njia, mimi mbele yeye nyuma, kandambili zake zikipiga makofi. Toka kituoni hadi zahanati ni mwendo wa dakika tano. Njiani nilikuwa nahesabu yanayoweza kuwa yametokea: fyuzi, waya uliotafunwa na panya, swichi iliyolegea. Niliombea panya. Panya anatibika.

Tuliingia chumba cha chanjo, na wote wawili tukasimama mlangoni.

Friji lilikuwa linanguruma. Taa yake ya kijani inawaka, tulivu kabisa.

Daktari alilitazama, akanitazama mimi, akalitazama tena. "Nililiacha limekufa."

Niliweka kiganja ubavuni mwa friji.

"Fundi, mimi silewi. Wewe unajua silewi. Hata soda naogopa."

Mlango wa nyuma ulifunguka akaingia Mama Mkubwa na ndoo yake na deki. Mama Mkubwa ni dada wa marehemu mama yangu. Alinichukua nikiwa na miaka sita, nimeshika mfuko wa nguo mkononi na sitaki kuuachia, na yeye ndiye aliyenilea mpaka chuo nikamaliza. Anafanya usafi pale zahanati. Ukiacha ufunguo mmoja wa akiba wa Daktari, ndiye mwenye funguo. Wa kwanza kuingia, wa mwisho kutoka.

"Heh! Leo mmenitangulia," alisema. "Kuna mgonjwa? Mbona mmesimama kama watu wa msibani?"

"Mama, friji lilikuwa halifanyi kazi," nilisema.

"Nimeshaliwasha."

Alilisema kwa wepesi, kama mtu anayekuambia ameshafungulia kuku.

"Umeliwasha," Daktari alirudia.

"Sasa hivi tu, nilipoingia, halafu nikaenda kuteka maji. Kama kila siku."

"Kama kila siku?"

"Daktari naye! Wewe unadhani zile nyota zetu tano zinatoka wapi, zinashuka mbinguni?" Alicheka, akanigonga bega kwa mkono wenye maji. "Jioni nikishadeki nazima ile swichi kubwa ya ukutani. Asubuhi nawasha kabla hujafika, usije ukakuta giza ukaniona mchawi. Si mwanangu huyu alitufundisha mwenyewe mbele ya kijiji? Kisicho na mtu, kizimwe. Sasa mimi mamaye nikiacha vitu vinawaka, si nitamwaibisha?"

Niliegemea mlango.

Niseme habari ya nyota. Wiki tano kabla ya siku hiyo mawingu yalikuwa yamekaa, wala hayanyeshi wala hayaondoki. Betri zikawa hazijai. Nilimwomba Mwenyekiti wa kijiji aitishe mkutano, nikawaomba watu wapunguze matumizi mpaka jua lirudi. Nikabandika ubao kwenye mlango wa kontena, wenye majina ya njia zetu tano za umeme: shule, mashine ya kusaga, maduka, nyumba, zahanati. Kila Jumamosi njia iliyobana matumizi kuliko zote naibandikia nyota ya karatasi ya kijani. Watu walipenda. Walimu waligombana na wenye maduka. Na kila Jumamosi, mara tano mfululizo, nyota ilikwenda zahanati.

Nilikuwa naona kwenye kioo cha mtambo. Kila siku saa kumi na moja jioni mstari wa matumizi ya zahanati ulikuwa unaanguka hadi sifuri, unalala pale sawasawa kama meza, mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nimeuona mstari ule siku thelathini na tano. Kwa macho haya yaliyosoma umeme miaka mitatu. Friji halili sifuri. Hata mtoto wa mwaka wa kwanza chuoni anajua hilo. Mimi niliuona mstari, nikafikiri, Mama Mkubwa wangu huyo, anavyozima taa zote kwa uaminifu, nikatabasamu, nikachukua mkasi nikakata nyota.

Daktari alikuwa ameketi kwenye benchi la akina mama, na kitabu cha kliniki kiko magotini. Kidole chake kilikuwa kinateremka kwenye majina.

"Kliniki ya mwezi ilikuwa siku kumi na mbili zilizopita," alisema. "Watoto thelathini na saba."

"Hukuiona alama siku ile?" Sauti yangu ilitoka ndogo sana. Sikutaka kumshtaki. Nilitaka aniambie kwamba aliiona, na ilikuwa nzuri.

Alifunika majina kwa kiganja. "Nilitazama vichupa viwili vitatu vya mbele. Foleni ilikuwa hadi kwenye mti wa nje, watoto wanalia, wewe hujui siku ile ilivyokuwa. Na kipimajoto, kila asubuhi nakuta nyuzi nane. Naandika nane. Nane ndiyo mwisho wa ruhusa, lakini ni ruhusa. Nikasema ni haya mawingu."

"Mbona mnanong'ona?" Mama Mkubwa alikuwa ameshusha ndoo. "Nimeharibu nini?"

Mimi niliangalia sakafu. Daktari ndiye aliyemweleza, polepole, kwa maneno mepesi, kama anavyowaeleza wagonjwa: kwamba chanjo ni kitu cha baridi, usiku na mchana, kwamba ikipata joto inakufa, kwamba iliyokufa haimdhuru mtoto ila pia haimkingi, ni sawa na kumchoma maji. Mama Mkubwa alisikiliza ameshika mpini wa deki kwa mikono miwili. Hakukatiza. Mwishoni aliuliza kitu kimoja.

"Na wale pacha?"

"Na wale pacha."

Mama Pacha ana watoto wawili na mapaja mawili, lakini siku ya sindano anasema mapaja hayatoshi. Kwa hiyo siku ile Mama Mkubwa aliacha ufagio akampakata mmoja, akamshika mkono sindano ikiingia, akampulizia mahali palipouma. Alijisifu kwangu jioni yake kwamba wake ndiye hakulia.

Aliketi chini. Hakutafuta kiti, aliketi pale pale kwenye sakafu mbichi, juu ya deki.

"Nimewaua watoto wa watu."

"Hujaua mtu, Mama. Inuka." Daktari alimshika kwapani nami nikamshika upande wa pili. Alikuwa mzito.

Daktari alipiga simu wilayani, mlangoni, akiwa ametupa mgongo. Tulisikia upande wake tu. Ndiyo, mkubwa. Zote, mkubwa. Thelathini na saba. Hapana, mkubwa, nitaandika maelezo. Aliporudi uso wake ulikuwa umezeeka, lakini habari ilikuwa na nafuu ndani yake: chanjo mpya zingeletwa kesho asubuhi kwa pikipiki, kwenye kisanduku cha barafu, na watoto wote wachomwe upya. Kurudia hakuna madhara. Hatari ilikuwa kuchelewa.

"Wote kesho," alisema. "Wiki ijayo haifai. Ule ugonjwa unatembea haraka kuliko mimi. Siku ya soko ni keshokutwa, na watu wa ng'ambo watashuka na watoto wao mgongoni."

"Watakuja," nilisema. "Wakiitwa watakuja."

"Watauliza kwa nini."

Friji liliendelea kunguruma, limejaa dawa zilizokufa.

"Nitasema friji liliharibika," Daktari alisema hatimaye. Alikuwa anaongea na kitabu chake. "Nikisema ni huyu mama alizima, hatapita njiani. Nikisema mimi sikutazama alama, nani ataniletea mtoto tena? Friji halina mdomo, halina ndugu. Liliharibika, tumelitengeneza, basi." Akainua macho. "Fundi, wewe ndiye mwenye umeme. Unakubali?"

Nilitazama vidole vya miguu yangu. Vilikuwa na tope la kwenye paneli.

Watu wakimya wana bahati hiyo mbaya: asiyesema hapana huhesabiwa amesema ndiyo. Daktari aliitikia kwa kichwa kama tumekubaliana, akatoka kwenda kumtafuta Mwenyekiti. Mama Mkubwa alichukua ndoo. Aliifikia ile swichi kubwa ya ukutani akasimama mbele yake na mikono nyuma, kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

"Mwanangu," alisema bila kugeuka. "Mimi nilisikia vibaya siku ile ya mkutano? Labda ulisema na mimi nilikuwa napiga makofi."

"Sikumbuki, Mama," nilisema.

Na kweli sikukumbuka. Kuhusu ule mkutano nilichokumbuka ni magoti yangu.

Nilirudi kontenani. Chai ilikuwa imeshapoa, paneli ishirini na tisa ziko na vumbi. Nilivuta faili la mikutano nikatafuta hotuba yangu, maana mimi siwezi kuongea mbele za watu bila karatasi, na hata nikiwa nayo siwezi vizuri. Ilikuwa kurasa mbili. Ule wa kwanza ulikuwa na alama za jasho la vidole. Niliusoma. *Tunaomba kila kisicho na mtu kizimwe: taa, redio, feni.* Hapo ndipo ukurasa uliishia. Nilikumbuka yaliyofuata: watu mia mbili wananitazama, mzee mmoja akasema, "Kumbe anaongea!", kijiji kizima kikacheka, na kwa kuwa kicheko kile hakikuwa kibaya wakaongeza makofi. Mama Mkubwa alipiga makofi mpaka mtandio ukamwanguka. Nami nikaona hapo ndipo pa kuponea. Nikainamisha kichwa, nikakaa. Ukurasa wa pili sikuufungua. Siku zote nilijiambia ulikuwa wa shukrani tu.

Nikaufungua.

*Isipokuwa friji la chanjo la zahanati. Hilo lisizimwe hata dakika moja, mchana wala usiku, hata kama betri ziko chini. Tutakaa gizani sisi kwanza.*

Mwandiko wangu. Nilikuwa nimeupigia mstari kwa rula.

Niliusoma mara tatu.

Mkutano aliouitisha Mwenyekiti ulikuwa siku hiyo hiyo saa tisa alasiri, kwenye darasa kubwa la shule. Watu walijaa mpaka madirishani. Akina mama walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Mimi nilisimama pembeni karibu na ubao. Mama Mkubwa alikuwa dawati la mwisho, peke yake, amejifunika mtandio.

Daktari aliongea vizuri. Alieleza habari ya surua, alieleza kwamba watoto waliochomwa kliniki iliyopita wanatakiwa kurudi kesho saa mbili. "Friji letu lilipata hitilafu kidogo," alisema, "na chanjo zikapoteza nguvu. Limeshatengenezwa."

Mama Pacha akainuka, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kifuani.

"Subiri, Daktari. Limepata hitilafu lini?"

"Ni... ni kwa muda sasa."

"Kwa muda! Yaani mimi nimetembea na hawa wawili kutoka kule bondeni, nimemshika mmoja akalia mpaka akakauka sauti, kumbe mnawachoma maji?"

"Si maji, mama, ni—"

"Ni nini? Uji?"

Watu walicheka, lakini ni kicheko kile kinachotangulia ugomvi. Mwenye kinu cha dizeli, ambaye hajapata wateja tangu tulete mashine ya kusaga ya umeme, alisimama juu ya dawati kabisa.

"Mimi nilisema! Nilisema nikaonekana nina wivu. Jua linazama kila siku, jamani, mnaona kwa macho. Kitu kinachotegemea jua nacho si kitazama? Leo friji. Kesho nini?"

"Friji liondolewe!" sauti ilitoka dirishani.

"Liondolewe, lirudishwe wilayani. Tutatembea kama zamani. Zamani tulikuwa tunachoka, lakini sindano ilikuwa sindano."

"Na mimi kesho siji," alisema mama mmoja kijana, anakaza kanga. "Mara ya kwanza mmenidanganya. Mara ya pili mtanichomea nini?"

"Hata mimi."

"Twendeni."

Madawati yalianza kukwaruza. Daktari alinyanyua mikono, anasema jamani, jamani, lakini sauti yake ilikuwa imezoea chumba chenye mgonjwa mmoja. Niliwaona wanainuka. Nilikuwa nawajua. Nimeingia nyumba zao zote kufunga nyaya. Najua nani ana mtoto wa miezi tisa na nani wa mwaka. Walikuwa wanachukua watoto wao wasio na kinga wanaondoka nao, na mlima wenye ugonjwa ng'ambo yake ulikuwa unaonekana pale pale dirishani, wa kijani, karibu hivi.

"Friji halikuharibika."

Alikuwa ni Mama Mkubwa. Alikuwa amesimama, mtandio umeshuka mabegani.

"Friji ni zima. Mimi ndiye niliyekuwa nalizima kila jioni. Mimi na mkono wangu huu. Daktari ananificha tu."

Mwenyekiti alitoa macho. "Ulikuwa unalizima? Kwa nini?"

Mama Mkubwa alinitazama. Ilikuwa kidogo tu, kufumba na kufumbua, kisha akahamisha macho haraka mbali na mimi, kama mtu aliyekaribia kumwaga chungu akakishika.

"Ujinga wangu," alisema. "Sikusoma. Nilidhani naokoa umeme."

"Kwa hiyo ni wewe!" Mama Pacha alimgeukia na mwili wake wote, watoto wakayumba. "Na ulimpakata mwanangu! Ulimpakata, ukampulizia!"

"Mwenye ufagio amegeuka kuwa daktari," alisema mwenye kinu. "Ukistaajabu ya Musa..."

"Afukuzwe!"

"Kwanza funguo. Mnyang'anyeni funguo!"

Mama Mkubwa alikuwa tayari anazifungua kutoka kwenye pindo la nguo. Fundo lilikuwa gumu. Vidole vyake viliteleza, akajaribu kwa meno, hakuna aliyemsaidia, na watu wakaendelea kumsema akiwa ameinama hivyo, na meno kwenye pindo, mwanamke aliyenilea.

Sijui nilifikaje mbele. Najua tu kwamba nilijikuta mahali alipokuwa amesimama Daktari, na mikono yangu haina karatasi.

"Alifanya nilichomwambia," nilisema.

Hakuna aliyesikia isipokuwa Daktari. Alinishika kiwiko. "Fundi," alinong'ona, "acha. Yameshamwagika."

"Alifanya nilichomwambia mimi."

Mwenyekiti alipiga meza. "Nyamazeni! Fundi Kimya anasema kitu."

"Anasema nini?" aliuliza Mama Pacha. Alikuwa ameshafika mlangoni. "Sema kwa sauti, mdogo wangu, huku nyuma tunaona midomo tu!"

Wengine walicheka. Kilikuwa kicheko kile kile, na magoti yangu yakakitambua, yakaanza kazi yao. Niliyaacha yatetemeke. Nilivuta pumzi mpaka mbavu zikauma.

"Mama Mkubwa alifanya nilichomwambia!" Sauti iligonga ukuta wa nyuma ikarudi, sikuijua kama ni yangu. "Niliwaambia ninyi wote kisicho na mtu kizimwe. Nilitakiwa kusema: isipokuwa friji la chanjo. Nilikuwa nimeliandika. Niliwaogopa. Mlicheka, mkapiga makofi, nikakaa chini kabla sijalisema. Halafu wiki tano nikawa naona kwenye mtambo wangu kwamba linazimwa, kila jioni, na sikuona ninachokiona. Nilimpa nyota! Msomi hapa alikuwa mimi, si yeye. Mpe pole, Mama Pacha, usimtukane."

Mama Mkubwa alikuwa amenyanyua kichwa. Funguo zilikuwa bado zimefungwa. "Mwanangu, basi," alisema. "Inatosha."

"Haitoshi, Mama." Nilikuwa nalia, lakini sikushusha sauti. "Umeme ni mzima. Friji ni zima. Mkitaka kuniondoa, niondoeni, hata kesho jioni. Lakini asubuhi leteni watoto. Wako thelathini na saba, hawana kinga yoyote, na surua iko pale, pale dirishani. Nitakaa mlangoni. Kila mama atashika kichupa mwenyewe, nitamwonyesha duara na mraba, asiporidhika asikubali sindano. Na kuanzia leo, taa zizimwe, redio zizimwe, mashine isimame, kontena langu liwe giza. Friji la chanjo halizimwi. Hilo ndilo nililotaka kusema siku ile. Halizimwi!"